Siku moja maishani mwangu: nesi wa zahanati ng'ambo ya Mtwara

Saa 12 asubuhi. Navuka kwa pantoni kwenda Msangamkuu, katikati ya ndoo za samaki na pikipiki. Safari ni fupi, ila napenda kuwahi.

Saa 2. Kupima uzito, chanjo, kujaza kadi. Kazi ya kila siku.

Saa 3 na nusu. Kliniki ya wajawazito. Dada mmoja anauliza kwa nini namkataza kumeza vidonge vya kalsiamu pamoja na vile vya kuongeza damu. Nimemjibu kwamba kalsiamu huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, kwa hiyo avipishanishe kwa saa kadhaa. Hapa niongeze kidogo, maana jambo hili linanivutia sana. Ndani ya seli ya utumbo, kalsiamu iliyo huru ni kama mara 10,000 pungufu ya iliyo nje. Seli huitumia kama ishara, na ikizagaa ovyo humo ndani inaweza hata kuiua. Basi mwanzoni mwa utumbo mwembamba kalsiamu huingia kwenye seli kupitia protini iitwayo TRPV6, kisha hupakiwa kwenye protini nyingine, kalbindini, inayoivusha kama pantoni yetu hadi upande wa pili. Huko pampu huisukuma kwenda kwenye damu. Vitamini D, ikishapitia ini na figo, ndiyo inayoiamuru seli itengeneze protini hizi kwa wingi. Kalsiamu nyingine hupenya katikati ya seli na seli, hasa mtu akiwa amekula nyingi. Ndiyo maana nasisitiza dagaa waliwe na mifupa yao.

Saa 5. Bibi anaingia na mjukuu wa mwaka mmoja, kilo 10. Mtoto anaharisha tangu jana, macho yamebonyea, ngozi ya tumbo nikiibana inarudi polepole. Anakunywa kwa pupa, na hiyo ni nafuu kwetu: hahitaji dripu. Nafungua pakiti ya ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, nakoroga kwenye lita 1 ya maji safi. Kwa uzito wake anatakiwa kunywa mililita 750 ndani ya saa 4.

"Mwanangu nesi, mbona ina chumvi? Mtoto si angepewa maji ya sukari tu?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa leo. Bibi, sukari peke yake haitoshi. Kwenye ukuta wa utumbo kuna protini, SGLT1, inayochukua chembe 2 za sodiamu, iliyomo kwenye chumvi, kwa kila chembe 1 ya glukosi, ambayo ni sukari, na kuziingiza pamoja; sodiamu ikikosekana, glukosi inabaki nje. Upande wa damu glukosi hutoka kupitia protini ya pili, GLUT2, na pampu hutoa sodiamu 3 huku ikiingiza potasiamu 2, ili ndani ya seli sodiamu iwe chache na nyingine izidi kuvutwa. Maji hufuata nyuma yake. Mwanasayansi Robert Crane alieleza uhusiano huu wa sodiamu na glukosi huko Prague mwaka 1960. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba hata kipindupindu, pamoja na ukali wake wote, hakiizimi njia hii. Utumbo unamwaga maji, na papo hapo bado unaweza kuyapokea.

Kwa hiyo vipimo si vya kubahatisha. Pakiti ikikorogwa vizuri, lita 1 huwa na milimoli (kipimo cha idadi ya chembe) 75 za glukosi na milimoli 75 za sodiamu. Ukiongeza sukari ili mtoto apende, sukari iliyozidi itayavuta maji kurudi utumboni na kuhara kutazidi.

Saa 6. Mtoto ametapika. Tumesubiri dakika 10, tukaendelea kijiko kwa kijiko, taratibu zaidi.

Saa 9. Amekojoa! Macho yamechangamka, anataka ziwa la mama yake, ambaye amefika kutoka shambani. Nimejaza haraka vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya. Nawapa pakiti za ORS na vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Bibi ananirudishia maelekezo mwenyewe: lita moja kamili, sukari isiongezwe, ikilala hadi kesho imwagwe, mtoto aendelee kunyonya, na akianza kulegea au akishindwa kunywa warudi hata usiku.