Toka vilindini

Juzi binti yangu alirudi kutoka shule na karatasi ya wimbo watakaouimba mwisho wa muhula. Akaitandaza mezani, katikati ya ugali na sukuma, akauliza bila kuniangalia, "Baba, huyu alikufa lini?"

Nikachungulia. Wimbo ni For the Beauty of the Earth, na juu kulia, kwa herufi ndogo, jina la mtunzi: John Rutter.

"Hajafa."

"Hajafa?" Akaishika karatasi upya. "Sasa mbona wimbo wake ni wa kanisani?"

Sikumcheka. Mimi mwenyewe nilimzika huyu bwana miaka mingi kabla ya kujua kwamba kazaliwa 1945, mwaka mmoja na mamangu. Kule Kisauni, Mombasa, kwaya yetu ilikuwa na faili moja la nyimbo za Kizungu, fotokopi ya fotokopi ya fotokopi, na kila mtunzi aliyekuwa humo tulimhesabu marehemu. Handel, Stainer, Rutter, wote walilala kaburi moja wamevaa nywele za bandia. Mwalimu aliandika solfa, yaani nota kwa herufi, ubaoni kwa chaki, sauti ya kwanza hadi ya nne, nasi tukanakili kwenye madaftari. The Lord bless you and keep you tuliuimba harusi zote na mazishi yote. Baadaye sana ndipo niliposoma kwamba aliutunga 1981 kwa ibada ya kumbukumbu ya mwalimu wake wa muziki wa shule. Basi kwenye mazishi tulipatia. Kwenye harusi, sijui.

Lakini karatasi ile ilinirudisha Novemba 2008.

Mwaka ule ndio ule aliofariki Mzee, babangu. Nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee bado, zamu za usiku, mji mdogo wa Uingereza si mbali na Cambridge. Dada mmoja wa kazini akanivuta kwenye kwaya ya mtaa wao, waliokuwa wakilia ukosefu wa sauti ya nne, ile besi. Akaniuliza kama nasoma nota. Nikasema nasoma. Haikuwa uongo kabisa, maana nilisoma nota zangu.

Walikuwa wanafanya Requiem, misa ya wafu, ya Rutter. Nikapewa kitabu, nikakifungua, nikaona mistari mitano na vitone vyeusi vimejazana kama sisimizi kwenye bakuli la sukari. Nikakichukua nyumbani, na juma zima, badala ya kulala mchana, nikakaa na penseli nikiigeuza sauti ya nne yote kuwa solfa, d r m, chini ya kila nota. Mazoezi yaliyofuata, mzee aliyeketi kando yangu, fundi bomba mstaafu, akakichungulia kitabu changu na kunyamaza kitambo. Kisha akaniambia bibi yake kule Wales alisoma vivi hivi, na kwamba hakuwa ameyaona maandishi yale tangu utotoni.

Mimi nilidhani solfa ni ya kwetu! Kumbe ni Waingereza walioibuni: mama mmoja wa Norwich, Sarah Glover, ndiye aliyeianza, mchungaji John Curwen akaieneza karne ya 19, wamisheni wakaja nayo. Wenyewe wengi wakaisahau. Sisi tukabaki tumeishika kama mwavuli wa kuazima ambao mwenyewe amehama mji.

Sasa, kuhusu Rutter niseme la moyoni. Mara nyingi mtu huyu ni mtamu kupita kiasi. Ni kaimati iliyolowekwa shira mara mbili. Jina amelipata kwa nyimbo za Krismasi, na kwa kwaya yake ya Cambridge Singers aliyoiunda 1981 akarekodi nayo sahani juu ya sahani. William na Kate walipooana 2011 pale Westminster Abbey, walitungiwa wimbo na nani? Ni mtu wa sherehe. Tena aliwahi kuwaambia watu wa televisheni ya Marekani kwamba yeye si mtu wa dini sana. Nilipomsimulia mamangu hilo, alinyamaza kwenye simu hadi nikadhani laini imekatika.

Requiem, hata hivyo, aliiandika 1985, baada ya babake kufariki, na ni kwa kumbukumbu ya babake huyo. Kilatini cha misa ya wafu amekichanganya na zaburi mbili kwa Kiingereza, ya 23 na ya 130. Ya 23 ina obo, zumari ya Kizungu, inayochirizika kama kijito, shira tena. Ya 130 haina sukari hata chembe. Selo, fidla kubwa ya sauti nzito, inaanza peke yake, chini, inajikokota kama mtu anayepanda ngazi na gunia mgongoni, ndipo kwaya inaingia: Out of the deep have I called unto thee, O Lord.

Usiku mmoja kazini, wazee wote wamelala, nikaitafuta kwenye Biblia yangu. "Ee Bwana, toka vilindini nimekulilia."

Vilindini! Mzaliwa wa bara atapita hapo bila kujikwaa. Lakini babangu alikuwa karani wa shehena bandarini Kilindini, na mimi nikiwa mdogo kila zaburi hii iliposomwa kanisani nilijua wazi kwamba Daudi anasema habari za kazini kwa baba. Nilimwona amesimama kwenye gati, taji kichwani, analia kwa sauti, na baba pembeni na kalamu yake sikioni, anangoja amalize ili aendelee kuhesabu magunia. Hakuna aliyenisahihisha, kwa kuwa sikumwambia mtu. Na wala sikukosea sana. Kilindi ni maji ya kina, na bandari ilipata jina lake hapo.

Mzee alifariki Alhamisi, wakamzika Jumamosi. Nauli sikuwa nayo; nilichokuwa nacho nilishakituma hospitalini. Kakangu akanipigia kutoka makaburini nisikie. Nikasikia upepo, nikasikia watu wanaanza wimbo, nikasikia sauti ya nne imelegea, kisha salio lake likaisha.

Onyesho lilikuwa Jumamosi iliyofuata. Kwenye kwaya sikumwambia mtu. Nadhani niliogopa wangeniletea kadi.

Kanisa lilikuwa la mawe, na baridi yake ilikuwa ile inayopanda kutoka sakafuni kupitia soli za viatu. Watu walikaa na makoti yao. Sehemu ya kwanza ikapita vizuri, ikaisha kimya kimya, mtu mmoja akakohoa. Kiongozi akamgeukia msichana wa selo, akampa ishara. Akavuta ile nota ya kwanza.

Kuna sauti ambayo kamba ya meli hutoa inapokazwa na mkondo, meli ikiwa imefungwa gatini. Si mlio, ni mgumio. Unausikia tumboni kabla haujafika masikioni. Mara moja tu Mzee aliniingiza bandarini, na sauti hiyo ndiyo niliyotoka nayo, si meli, si kreni. Nilikuwa sijaifikiria miaka thelathini. Sasa ilikuwa inatoka kwenye kisanduku cha mbao, mita tatu mbele yangu, na msichana aliyeishika hata ishirini hajafika. Nikakodolea macho vidole vyake. Nilikuwa nahesabu mapigo, naapa nilikuwa nahesabu. Selo ikapanda, ikasita, ikashuka tena, ikatulia.

Nami nikaingia.

Peke yangu. Sauti moja ya nne, kifua kizima, ndani ya kanisa lililotulia tuli, kabla ya wakati. Nota ilikuwa sahihi. Huo ndio ushahidi pekee nilionao wa kujitetea. Ikaenda hadi ukuta wa nyuma, ikarudi. Nikaufumba mdomo, lakini ukuta ulikuwa bado una sauti yangu, unanirudishia polepole. Kiongozi hakunitazama. Mkono wake wa kushoto ulibaki hewani umefunguliwa, kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara. Msichana wa selo akaendelea. Kiwiko cha fundi bomba kikagusa changu, kikabaki hapo hapo, hadi mapigo yetu ya kweli yalipofika tukaingia sote.

Mengine yalikwenda. Obo ilichirizika, Lux aeterna, sehemu ya mwisho, ikaisha, watu wakapiga makofi. Kwenye chai bibi mmoja aliyekuwa amekaa mbele akanishika mkono, akanisifia ile sauti ya peke yake mwanzoni, akidhani imeandikwa hivyo. Nikamshukuru. Ningemwambia nini?

Nimejieleza mara nyingi tangu siku ile. Maelezo ya kwanza ni ya fundi: kwenye solfa kimya hakina alama. Ni nafasi tupu tu kati ya nukta na nukta, na mimi niliandika kwa penseli, usiku, macho mekundu. Huenda niliruka nafasi moja. Maelezo ya pili siyaamini mchana.

Wakati wa kulala binti akadai ushahidi, maana nilikuwa nimeropoka. Onyesho lile walilirekodi wakauza sidii kusaidia paa la kanisa, na yangu ninayo. Tukaisikiliza kwa sauti ya chini, mamake asiamke. Selo ikaja. Nikamwona anakunja uso, kisha lile sauti likatokea na akaruka kitandani.

"Ni wewe!"

"Ni mimi."

"Umesema nini?"

"Out."

Akairudisha. Akairudisha tena, sikio limegusa spika. "Hapana," akasema. "Umesema To."

Nikaichukua nikaisikiliza mwenyewe. Ni nusu ya neno tu, imemezwa na ukuta. Kila nikiirudisha inageuka.

"Huyu Rutter aliisikia?"

"Hapana. Ataisikia wapi?"

"Si umesema yu hai. Muulize yeye umeimba nini."

Nilitaka kumwambia basi kwamba mtu huyo naye, 2001, alifiwa na mwanawe kwa ajali mjini Cambridge, kijana aliyekuwa akisoma Clare, chuo kile kile alichosoma baba, na kwamba miaka miwili baadaye ilitoka Mass of the Children, misa yenye kwaya ya watoto ndani yake. Nikamtazama na pajama zake, na ile karatasi imekunjwa chini ya mto. Nikazima taa.

Gizani akaanza kuimba wimbo wake wa shule, sauti ya kwanza, bila nota. Pale kwenye kiitikio aliingia mapema.