Bluu-nyeusi ya kikoba

Watu wa Moshi mnaotumia kalamu za wino, tuongee kidogo. Mimi ni katibu wa kikoba, naandika kwenye kaunta buku, na zile karatasi zinanyonya wino kama andazi kwenye chai. Ukiweka wino unaotiririka sana, herufi "a" inajaa tumbo inakuwa doa, na ukurasa wa nyuma hauandikiki tena.

Kwa hiyo kumbukumbu zote ni kwa wino uitwao Pelikan 4001 ya bluu-nyeusi. Ina chumvi ya chuma: inatoka bluu, ikipata hewa inakolea, na maandishi yakilowa bado yanasomeka. Masika ya huku mnaijua wenyewe. Ila ni wino mkavu, yaani hautiririki sana, uwekeni kwenye nibu (ncha ya kalamu) inayomwaga. Kwenye kalamu bahili mtakwaruza karatasi tu.

Kalamu ya pili ni Lamy Safari, nibu nyembamba, ndani wino wa Diamine Oxblood. Wekundu uliopooza, unakaa vizuri mno pembeni ya bluu-nyeusi. Huo maji yakiugusa unakimbia, hivyo napigia mstari tu wanaodaiwa. Hela yenyewe naiandika kwa bluu-nyeusi. (Mweka hazina anadai rangi hiyo inaharakisha marejesho. Haya.)

Msichanganye wino wa chuma na mwingine ndani ya kalamu moja, unaweza kuganda ukaziba njia. Osheni kwa maji ya baridi mpaka yatoke meupe.

Nani ana kijani kilichokolea tubadilishane? Tukutane Mbuyuni, bomba la sindano la kuvutia wino nakuja nalo.