Sumaku Kwenye Ubavu wa Kasa

Juma lililopita binti yetu alituletea jiko la gesi, lile la kuwasha kwa kubonyeza. Mshahara wake wa kwanza huo. Mama yake akabonyeza, likaanza: tik-tik-tik-tik-tik. Mimi nilikuwa sebuleni na gazeti langu, na mguu wa kulia ukakanyaga sakafu wenyewe, unatafuta pedali ya mafuta.

Kasa, gari langu la zamani, alikuwa akilia vivyo hivyo. Ukizungusha ufunguo nusu, kabla hujagusa stata, pampu yake ya petroli kule nyuma inagonga harakaharaka, kisha inapunguza kadiri kabureta zinavyojaa, tik... tik... halafu kimya. Kimya kile ndicho ruhusa ya kuwasha. Usipousikia ule mlio, basi usijisumbue na stata. Shuka ulale chini.

Wa siku nyingi mnamkumbuka: MGB ya 1965, gari dogo la Kiingereza, kijani, kimo cha kiunoni, paa lake turubai, na popote alipolala aliacha doa la oili. Watoto wa mtaa wetu, Tudor hapa Mombasa, ndio waliompa jina. Miaka sita nilimshughulikia pale uani, na miaka sita alinila pesa. Gasketi na vidude vya mpira vikija kwenye begi la binamu yangu wa Leicester. Spana za inchi nilizisaka mpaka kwa mafundi wa meli Kilindini, maana nati zake hazitaki kusikia habari za namba 10 wala 12. Betri zake mbili za volti sita sita zimejificha nyuma ya viti, na chanya ndiyo iliyoshikishwa kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Fundi wa umeme aliyejitia kujua aliniunguzia redio siku ya kwanza.

Na kutu. Hewa ya bahari haijui kwamba chuma hiki kimetoka kiwandani Abingdon, Uingereza. Gari lisilo na paa nguvu zake zimo kwenye mbavu mbili za chini ya milango. Mbavu zikiliwa, ukilipandisha jeki linapinda kama jahazi lililovunjika mkuku, na mlango haufunguki. Ubavu wa kulia niliuagizia bati lake hasa kutoka Uingereza. Kwa wa kushoto pesa zikaisha. Mzee wangu wa Bondeni, fundi wa bodi, akakata bati la pipa, akalichomelea juu ya lile lililooza, akapaka puti, ule ujiuji wa kuziba mabonde ya bati, akapiga msasa siku mbili mpaka ukipitisha kiganja wadhani unapapasa yai.

"Itahimili," akasema. Sikumwuliza mpaka lini.

Halafu ikaja 2012, binti akaitwa kidato cha kwanza, bweni. Ada, godoro, sanduku, orodha isiyokwisha. Mke wangu hakusema lolote. Alikuwa anapita tu na ndoo za kufulia, na kila akipita anamzunguka Kasa kwa mbali, kama mtu anayekwepa mgonjwa. Nikatangaza kwamba nauza.

Bwana wa Nairobi aliteremka basi la usiku Mwembe Tayari, akaja na tuktuk. Shati jeupe, viatu vinang'aa. Alitaka gari la kuingia nalo Concours, mashindano ya urembo wa magari pale Ngong Racecourse, kwa majaji wanaochungulia mpaka uvunguni. Niliposikia hilo tumbo likanicheza.

Chai aliikataa. Akatoa leso mfukoni, na ndani ya leso mna sumaku, zile za kwenye spika, ameizungushia kitambaa isikwaruze rangi. Akachuchumaa upande wa kulia. Akaiweka: tap. Akasogea kiganja kimoja: tap. Mzee fundi alikuwa amekuja kunisindikiza, ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, tasbihi mkononi. Nilimwona vidole vimesimama.

Yule bwana akazunguka nyuma, akaja kushoto. Akaanzia mbele, ambako bati lilikuwa bado zima. Tap. Tap. Hana haraka. Ile sehemu mimi naweza kuichora gizani: inaanza usawa wa mgongo wa kiti na kwenda mpaka karibu na gurudumu la nyuma, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Akafika. Akaweka. Haikulia. Akaachia mkono, na sumaku ikateleza na leso yake ubavuni, polepole, ikaanguka mchangani. Pu.

Nilikuwa na maneno yote mdomoni, yamekwisha kujipanga: bwana, hapo pana puti, na chini ya puti pana bati la pipa. Nikayameza.

Akaiokota. Ilikuwa imetoka ndani ya leso na imeota ndevu nyeusi, chembe za chuma tulizozimwaga pale uani miaka sita kwa tupa na msasa, Kasa mwenyewe aliyesagika. Akazipangusa kwa kidole gumba, upande huu, upande huu. Akazitazama. Akanitazama mimi.

"Hii Mombasa iko na joto," akasema, akairudisha mfukoni. Na chai sasa akaikubali.

Nilikuwa nimetaja laki sita na nusu nikijua nitashushwa mpaka tano. Hakupunguza hata shilingi. Alizihesabu sita na nusu juu ya boneti, mbele ya mzee, akaniomba nizirudie kuhesabu.

Hapo ndipo huwa nakwama. Kwamba hakuelewa siwezi kukubali. Mtu anayesafiri na sumaku ndani ya leso anaelewa. Labda aliiona sare mpya imeanikwa kambani akanihurumia. Au bei yangu ilikuwa ya bure, yeye akaijua, akaona heri anyamaze asije akanizindua. Mzee fundi mpaka leo anashikilia hiyo ya mwisho, lakini na yeye ana bati lake la kutetea.

Nikampa sanduku la spana na nyundo ya shaba ya kufungulia magurudumu. Saa nne wakaondoka. Binti alikuwa ndani, anajifanya anapanga sanduku lake.

Saa tisa simu ikalia. Yuko Voi, alisimama kutia petroli.

"Mzee, hii gari imekataa kuwaka."

"Zungusha ufunguo nusu. Wasikia mlio?"

"Sisikii kitu."

"Uache hapo hapo. Vua kiatu, ulale chini, nyuma karibu na gurudumu la kulia. Pana kidude cha duara kama kopo dogo. Kigonge kwa kisigino cha kiatu. Si kwa hasira."

Nikamsikia akiguna na kokoto zikimpisha. Nikalifikiria lile shati jeupe. Kisha sauti yake ikatokea uvunguni, imebanwa:

"Mzee. Kuna kitu ingine yoyote ya hii gari ungetaka nijue?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo.

"Kipo," nikasema. "Zile kabureta mbili, juu zina vifuniko vidogo vya kuzungusha. Ukifika vifungue, uongeze oili kidogo. Zikikauka atakuwa mzito kuondoka."

Akanyamaza. Nilidhani laini imekatika.

"Sawa, mzee," akasema, na kiatu kikagonga, na nyuma ya sauti yake nikamsikia Kasa: tik-tik-tik-tik, tik-tik, tik... tik...