Kifungu cha furu na sangara

Binamu yangu alijua samaki kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye, na ujuzi huohuo ndio uliokuwa ukimwangusha. Alikuwa mkaguzi wa ubora kwenye kiwanda cha minofu hapa Mwanza, anatafuta nafasi ya shahada ya uzamili Marekani, na chuo alichokitaka kilidai matokeo ya GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili. Hesabu hazikumsumbua. Jasho lilimtoka kwenye sehemu ya lugha, hasa ufahamu, ambao unabeba karibu nusu ya maswali ya sehemu hiyo. Kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshaupita mtihani huo, shangazi akaniita: "Hebu mkalishe mdogo wako, umsikie anavyosoma."

Ilikuwa Jumamosi jioni, mwaka 2024, barazani kwa shangazi Kirumba, upepo ukituletea harufu ya dagaa wa soko la samaki la Mwaloni. Nilikuwa nimemwandikia kifungu kifupi cha Kiingereza, na kwa makusudi kabisa nikakiweka humuhumu ziwani. Kilisema kwamba sangara waliletwa Ziwa Victoria kati ya miaka ya 1950 na 1960, wakaongezeka mno miaka ya 1980, na wakati huohuo furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hili wenye aina nyingi, wakapungua vibaya. Kisha kikageuka: miaka hiyohiyo maji yalizidi kuwa machafu kwa rutuba iliyotoka mashambani na mijini. Furu jike humchagua dume kwa rangi, na kwenye maji yenye ukungu rangi hazionekani vizuri, hivyo aina tofauti zikaanza kuzaliana na kuchanganyika.

Alikisoma mbio, anatabasamu kama aliyekutana na jirani yake ugenini. Nikampa swali la kuchagua majibu yote yanayokubalika, lile ambalo ukikosa moja tu huambulii kitu. La kwanza: furu walipungua wakati sangara wakiongezeka. La pili: sangara ndio sababu kuu ya furu kupotea. La tatu: aina za furu zinaweza kupungua hata pasipo kuliwa na samaki wengine. Akachagua mawili ya mwanzo.

"Niwekee kidole panaposema hilo la pili."

Kidole kikatembea, kikasimama kwenye mstari wa tatu. "Hapa, dada."

"Hapo pamesema wakati huohuo. Pamesema kwa sababu yao?"

"Lakini ndivyo ilivyo! Nenda kamuulize mvuvi yeyote pale Mwaloni."

Tulibishana hadi chai ikapoa. Na kusema kweli hakuwa anabahatisha. Wataalamu wengi nao wanamtaja sangara kwanza. Ila mtihani ule hauulizi unachokijua, unauliza kilichoandikwa.

Kilichonivutia zaidi ni alivyolikataa la tatu. "Hawajaandika hivyo," alisema, kwa ukali wa mkaguzi anayerudisha mzigo. Basi la pili alilipitisha bila mstari wowote kwa kuwa aliliamini, na la tatu akalidai mstari neno kwa neno kwa kuwa lilikuwa geni kwake. Mizani miwili kwenye meza moja. Nilipomwonyesha, alinyamaza, akarudi kwenye sentensi ya rangi, akaisoma polepole midomo ikicheza. "Aina zikichanganyika," akasema, "zinabaki chache. Na hakuna aliyeliwa."

Toka hapo tukabadilisha utaratibu. Saa tukaiweka kando, maana kukimbizana na dakika 18 kwa maswali 12 kabla hujajua unakosea wapi ni kujichosha bure. Majibu akawa anayafunika kwa daftari, ananijibu kwanza kwa Kiswahili chake mwenyewe, ndipo anafunua. Na kila alipokosa nilimkataza kuandika jibu sahihi. Aliandika kilichomvuta kwenye lile bovu. Karibu kila mara ilikuwa ama ameongeza la kwake, ama amepitisha neno zito kama "kuu" au "pekee" bila kulipima.

Shangazi, aliyekuwa akitusikiliza kutoka jikoni, akatoka na mwiko mkononi. "Nyie mnahangaika nini? Sangara ndio waliomaliza furu. Tulikuwa tunawakaanga hapa sufuria nzima!"

"Mama, hilo kwenye kifungu halimo."

"Hicho kifungu kimekula furu lini?"