Mgonjwa wa Gunzi

Mwezi Julai 2015 nilikwenda likizo kwa mama, Uyole, pembezoni mwa Jiji la Mbeya, nikiwa na kompyuta mpakato ambayo rafiki yangu alikuwa amenijazia vipindi kadhaa vya Doc McStuffins, katuni ya Kimarekani iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2012. Binti wa kaka yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita, hakujua Kiingereza, lakini kisa chenyewe alikielewa vizuri: msichana mweusi aliyevaa koti jeupe amefungua kliniki ya midoli uani kwao, na stetoskopu yake inapong'aa midoli huamka na kumweleza inapoumwa, ila wakubwa wakitokea hulegea na kunyamaza kama haijawahi kusema neno. Alimcheka hadi machozi Chilly, yule mtu wa theluji anayejiona mgonjwa kila saa, ingawa theluji hajaiona maishani mwake. Alichokijua yeye ni sakitu ya alfajiri.

Mahindi yalikuwa yamekwisha kupukuchuliwa na magunzi yalijaa kila pembe. Aliokota moja, akalivika kipande cha khanga kuukuu, akalipa jina la Tumaini, kisha akafungua hospitali nyuma ya banda la kuku, shingoni akiwa na kamba ya kiatu iliyofungwa kizibo cha soda. Kwa kuwa Doc huwa na kitabu kikubwa cha kuandikia maradhi, ambayo majina yake huyabuni mwenyewe, na sisi tulikuwa na daftari, nami nikafanywa karani. Ukurasa wa kwanza niliandika kama nilivyoagizwa: "Ugonjwa wa kupukuchuka. Dawa yake ni kufunikwa vizuri na kutosogelewa na kuku." Baadaye nilisoma kwamba Chris Nee, mtunzi wa katuni hiyo, aliibuni kwa sababu ya mwanawe mwenye pumu, ili watoto wapunguze hofu ya daktari. Huyu wetu hofu hakuwa nayo kabisa. Alimchoma Tumaini sindano za miiba asubuhi na jioni.

Siku ya nne kulikuwa na baridi kali, na mama alitaka chai upesi. Nilichota magunzi kikapuni kwa mikono miwili, nikayasukumia mafigani bila kuyatazama, na nilipoinama kupuliza ndipo nilipoona ua la khanga likijikunja motoni. Ningeweza kumchomoa. Nilijisemea kwamba ni gunzi tu, nikaendelea kupuliza.

Mtoto alipouliza, sikumficha. Hakulia, jambo lililonitisha kuliko kilio.

"Shangazi, alipiga kelele?"

"Hapana, mwanangu."

"Hakupiga kwa sababu ulikuwa unamwangalia. Wewe ni mkubwa."

Aliingia ndani, akarudi na daftari na penseli, akaketi kwenye kigoda kando yangu, akalifungua ukurasa mpya na kuniwekea mapajani.

"Niandike nini?"

"Andika moto."