Tafakari ya Wiki: Kabla ya Kuuombea Mtaa, Utembeeni

Somo: Nehemia 2:11–18

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Wimbo wa mwaka 1987 wa U2, bendi ya Ireland, uitwao Where the Streets Have No Name (Mahali Ambapo Mitaa Haina Majina), unatufaa wiki hii tunapotafakari matembezi ya maombi, yaani kutembea mtaani tukiuombea. Bono, mwimbaji wao, ameeleza kwamba chimbuko lake ni Belfast, Ireland Kaskazini, ambako ukitaja mtaa unaokaa tu, mtu ameshajua dini yako na hata kipato chako. Falls Road, wewe Mkatoliki. Shankill Road, Mprotestanti. Kuta za kutenganisha mitaa ya namna hiyo zilianza kujengwa mwaka 1969, na nyingine zingali zimesimama ingawa mkataba wa amani ulifikiwa Aprili 1998. Baba yake Bono alikuwa Mkatoliki, mama yake Mprotestanti.

Usikilizeni unavyoanza. Kinanda kinaingia peke yake, taratibu. Gitaa linafuata, noti sita zinarudiwarudiwa na mwangwi unazirudisha moja juu ya nyingine, ndipo besi na ngoma. Mwimbaji hafungui kinywa mpaka dakika moja na nusu imeshapita.

Nehemia naye hakuwa na haraka ya kusema. Alifika Yerusalemu akakaa siku 3, kisha akatoka usiku na watu wachache, mnyama mmoja tu, bila kumwambia mtu nia yake. Akashika njia ya Lango la Bondeni, akapita Lango la Jaa, akikagua palipobomoka na palipoteketea. Karibu na birika la mfalme, mnyama aliyempanda akakosa pa kupita. Habari za ukuta wa Yerusalemu uliobomoka alikuwa amezipata Shushani, mji wa mfalme wa Uajemi, na akazililia, lakini mahali pale palipozibika alipajua kwa kufika. Na alipokuja kusema na wakuu, alijihesabu nao katika aibu ile ile.

Matembezi mengi ya maombi huharibika hapa. Kundi la watu 20 linaingia mtaa wenye sifa mbaya na kipaza sauti, linakemea pepo wa ulevi na wa ujambazi, na mama aliye dirishani anasikia nyumba yake ikitukanwa kwa jina la Yesu. Jumapili ijayo hatakuja kanisani, na hatuna haki ya kumshangaa.

Nendeni wawili au watatu. Mtafuteni kwanza mkazi wa hapo awaongoze, maana yeye anajua saa nzuri na kona ya kuepuka. Akisema leo hapana, ahirisheni. Ujasiri wa kubishana naye si imani. Simu zikae mfukoni, kwa kuwa anayepiga picha hudhaniwa mpelelezi, na hapo mnamhatarisha na mwenyeji wenu. Nusu saa yatosha. Dakika 10 za mwanzo msiombe kwa sauti: angalieni taa zipi hazijawaka, watoto wanachezea wapi, nani anasalimiwa na kila mtu. Mkisalimiwa, simameni mjibu. Msikimbilie kumaliza njia. Kisha ombeni kwa sauti ya mazungumzo, mkitaja mlichokiona. Msiahidi fedha wala kazi, kwani ahadi isiyotimia itamwangukia mwenyeji wenu mkishaondoka.

Wiki inayofuata rudini siku ile ile, njia ile ile. Mtu akiwapa shida yake ili kanisa liiombee, muulizeni kama jina lake litajwe. Akikataa, liacheni kwa Mungu anayelijua.