Nilivyomwingiza mlaji darasani

Miaka mitatu nimefundisha Mdororo Mkuu wa Marekani, ule wa uchumi wa miaka ya 1930, kidato cha sita, na kila mwaka wanafunzi walitoka na herufi tu: NRA, AAA, TVA, vifupisho vya mashirika ya serikali yaliyoundwa kukabili mdororo huo. Wanazikariri kama sala. Ukiwauliza serikali ilipopandisha bei makusudi ili kuokoa viwanda na wakulima, nani alilipa, kimya.

Mwaka jana nikaanza na makopo. Nilinunua mawili ya nyanya, ukubwa sawa, nikayabandua karatasi, nikayaweka mezani. "Chagueni." Wakayatikisa, wakayapima kwa mkono, wakabishana. Tulipoyafungua, moja lilikuwa rojo nzito, kijiko kinasimama. Jingine maji mekundu. Hapo nikawaeleza Bodi ya Ushauri ya Walaji, yaani wanunuzi wa bidhaa, iliyoundwa 1933 chini ya Mary Harriman Rumsey ndani ya NRA, shirika lililosimamia uandishi wa kanuni za kila biashara. Ilidai makopo yaandikwe daraja la ubora, A, B au C. Wenye viwanda wakapinga.

Kisha nikapanga madawati matatu, maana NRA ilikuwa na bodi tatu: wenye viwanda, wafanyakazi na walaji. Waandike kanuni za biashara ya nyanya. Wenye viwanda wakaja na bei ambayo hakuna anayeruhusiwa kuuza chini yake. Wafanyakazi wakatishia mgomo, wakaongezwa mshahara. Binti aliyekuwa mlaji alinyoosha mkono mara nne bila kusikilizwa. Mwishowe akasema, "Madam, hawa wana kiwanda, wale wana chama. Mimi nina kikapu tu. Nitawatishia na nini?"

Nikawasimulia yaliyotokea katika mji wa Hamtramck, jimbo la Michigan, 1935. Miaka miwili nyuma serikali ilikuwa imenunua na kuchinja nguruwe wapatao milioni 6, wengi wao watoto, ili mkulima apate bei. Ukame wa 1934 nao ukapunguza mifugo, nyama ikawa haishikiki. Akina mama wakiongozwa na Mary Zuk wakasusia nyama na kusimama milangoni mwa mabucha. Mwaka uliofuata Zuk akachaguliwa diwani.

Sikutaka waione sera ile kuwa ubaya mtupu. Mkulima alikuwa anauza kwa hasara, na asiye na kitu hanunui kitu. Kinachoniuma ni kwamba mlaji alipewa kiti bila nguvu, nasi walimu tunamwacha nje ya somo kabisa.

Kipindi kilichofuata binti yule aliomba turudie. Safari hii hakuwagusa wenye viwanda. Alikwenda moja kwa moja kwenye dawati la wafanyakazi: "Nyie jioni hamnunui nyanya?" Wakahamia upande wake, na bei ikashuka kabla ya kengele.